Mkate Uliolazwa Kitandani

Mablanketi ya mama mdogo Tupo yalinuka hamira. Sisemi harufu ya mkate ulioiva, hiyo kila mtu anaijua. Nasema ile chachu ya unga mbichi unaoumuka, inayokukaa puani mpaka unaenda nayo kanisani. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimetoka kwetu Uyole, Mbeya, nikapelekwa Iringa likizo ya mwezi wa sita kukaa na mdogo wake mama na mumewe, baba mdogo Festo. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka uliotangulia, Walutheri wote wawili, mama mdogo Mnyakyusa na mumewe Mhehe. Walipanga vyumba viwili pale Mlandege, na uani walijenga tanuri la matofali kwa mikono yao. Walikuwa wanaoka mikate na kuisambaza kwenye maduka ya mtaani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao, chakula chao na mazungumzo yao yote.

Sasa baridi ya Iringa wakati ule, jamani, asikudanganye mtu. Maji yanauma vidole, na unga uliokandwa unakaa tu kwenye beseni, haupandi wala haushuki. Wao walikuwa na dawa yao. Baba mdogo aliamka alfajiri akakanda, huku mama mdogo akiwa bado amejifunika gubigubi. Unga ukiwa tayari, alikuja na beseni mlangoni, akagonga, akasema, “Mwenzio amefika.” Mama mdogo akatoka, beseni likaingia palepale alipokuwa amelala, likafunikwa mablanketi mawili na kanga. Baba mdogo alipenda kumtania kwamba Mlandege nzima ni yeye peke yake anayefanya kazi usingizini. Naye alijibu kwamba ni kazi ngumu, ajaribu aone. Halafu mama mdogo ndiye aliyeubonyeza unga kwa kidole na kusema bado au tayari, yeye ndiye aliyechochea tanuri, na walisaidiana kubeba trei la chuma, huyu huku na huyu huku, kwa sababu lilikuwa zito na la moto. Nilipenda kuwaangalia. Nyumbani kwetu sikuwahi kuona mtu na mkewe wakicheka asubuhi namna ile.

Balaa lilianzia kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa jirani. Baba mdogo alisimama kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa jinsi alivyoibariki biashara yake. Alisema “biashara yangu” tena na tena, kisha akamalizia, “Na mke wangu naye ananisaidia saidia.” Watu wakaitikia amina. Mimi niliyekaa mkekani karibu na mama mdogo nilimwona anakunja pindo la kitenge chake, anakunja, anakunjua. Alfajiri yake beseni lilipogonga mlango, jibu lilitoka ndani, pole pole kabisa: “Kitanda kina mtu. Msaidizi amepumzika.”

Basi, ikawa hivyo wiki nzima. Hawakupigana, hawakutukanana, na sala ya chakula walisali. Ila waliongea kupitia kwangu. “Mwambie baba yako mdogo chai iko mezani.” Baba mdogo yuko palepale, angeweza kuigusa birika! “Mwambie mama yako mdogo ahsante.” Mwanzoni niliona raha, nikajiona mtu mkubwa. Huko uani baba mdogo alihangaika. Aliweka beseni karibu na tanuri, unga upande mmoja ukaiva kabla ya wakati, upande wa pili ukabaki umelala. Alibeba trei peke yake akaungua kiganja. Mikate ilitoka migumu, nayo aliisambaza hivyo hivyo, kichwa ngumu yule.

Raha iliniishia siku nilipomkuta mama mdogo anapanga nguo kwenye begi. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba likizo ikiisha tutapanda basi pamoja, naye anakwenda Mbeya kupumzika kidogo kwa bibi. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Uyole nilikuwa nimeshawaona akina dada waliokuja kwao kupumzika kidogo, na watoto wao wakaanza shule hukohuko. Nililiogopa lile begi kama mtu. Nilitaka kumwambia baba mdogo, lakini ujumbe huo sikutumwa, na sikujua kama mtoto anaruhusiwa kuufikisha. Nilijifungia chooni nikalia.

Zamu ya jumuiya ilikuwa imefika kwetu. Mama mdogo aliwapokea wageni kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na tabasamu, akagawa chai, akarudi kusimama mlangoni na birika. Baba mdogo akainuka, kiganja kimefungwa kitambaa. “Wiki iliyopita nilisema mke wangu ananisaidia,” alisema. “Nilisema uongo mbele za Mungu na mbele yenu. Biashara ni yetu sote wawili. Wiki hii amekaa pembeni, na mkate mmeuona.” Mzee wa kanisa akajibu kutoka kochini, “Tumeuona, mwanangu. Na meno yetu yameuona.” Nyumba nzima ilicheka, hata mwinjilisti. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa anaangalia mlangoni. Mama mdogo alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kitupu, akasema, na safari hii hakunitumia mimi, “Kesho ukande mapema, baridi imezidi.” Niliporudi Mbeya, nilipanda basi na mama mmoja wa kanisani.

Mpaka leo wako Mlandege. Wana oveni ya umeme na vijana wa kazi, na bado wanabishana mbele ya wateja bila aibu. Mimi nimeolewa Mbeya. Siku ya kuagwa kwangu akina mama walinionya nisichanganye ndoa na biashara, nikaona ni busara. Kwa hiyo mimi nauza vitenge, mume wangu anatengeneza simu, kila mtu na fremu yake ya duka, mitaa miwili katikati yetu. Hatujawahi kugombana, na watu wanatusifu. Mwezi uliopita alishikwa na malaria, nikaenda kumfungulia fremu. Sikujua taa inawashiwa wapi. Sikujua simu ya nani imepona na ya nani bado. Akaja mzee mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akamwulizia kwa jina ambalo sijawahi kusikia akiitwa. Alinitazama ninavyopekua droo, akaniuliza kwa upole, “Samahani, mama, wewe ni mgeni hapa?” Nikamjibu ndiyo.