Pakiti ya Kaka

Kila niliposhuka Tunduma nikitokea Zambia, kabla ya kupanda gari la kwetu Mbozi, nilinunua kwanza pakiti ya sigara za kaka. Nilianza nikiwa utingo wa malori, nikaendelea nilipokuwa dereva. Sikuwahi kukaa shambani msimu mzima. Pakiti ile ndiyo iliyoniombea radhi. Kaka alivuta huku akipogolea mibuni, mimi nikimfuata nyuma kuokota matawi. Hadi leo moshi wa sigara ukichanganyika na majani mabichi, popote nilipo, narudi nyumbani.

Mwaka jana aliukata mstari mzima wa mibuni michanga, akabakiza vijiti vikavu. Yeye, ambaye nusu ya kijiji walijifunza kupogolea kwake! Tukampeleka hospitali. Daktari alituonyesha picha ya ubongo wake, akapitisha kidole ukingoni.

"Tabaka hili la juu limekuwa jembamba kuliko kawaida ya umri wake. Anavuta?"

"Tangu ujana," alijibu mke wa kaka. Hakunitazama.

Daktari akasema ubongo wa kila mtu hupungua akizeeka, na huenda yapo mengine, lakini sigara za miaka mingi huongeza kasi. Akiacha, kasi inaweza kushuka. Kilichokwisha kwenda hakirudi chote.

Mwezi uliopita nikaja tena. Shemeji alinidaka njiani, hata nyumba sijaiona.

"Karibu, shemeji. Umebeba?"

"Nimebeba."

"Na ulimsikia daktari?"

"Nikija mikono mitupu hanitambui. Safari iliyopita jina langu lilimjia alipoiona pakiti."

"Mimi siku hizi ananiita mama," akasema. "Na ninampikia hivyo hivyo."

Nikaenda chooni, nikaitumbukiza shimoni pakiti ya kaka, kisha na ya kwangu.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya mibuni, mkasi mkononi. Akanitazama usoni, halafu mfukoni.

"Umeleta?"

"Sijaleta, kaka."

"Kaka wa nani? Mdogo wangu yuko Zambia. Yule haji mikono mitupu, si kama wewe na kitambi chako cha kuazima."

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakosa.

"Wewe si ndiye kibarua?" akauliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Sasa mbona umesimama kama mgeni wa harusi? Shika hilo tawi."

Nikashika. Mkasi ukalizunguka tawi lililojaa matumba ya maua, ukasita.

"Ni hili?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapana, mzee. Ni lile lililokauka."

"Nani kakufundisha?"

"Kaka yangu."

"Alijua kazi huyo," akasema, akakata lile kavu.