Kunguni Walikuwa Wangu

Kunguni waliofanya mama fua wa ploti yetu afukuzwe hawakuwa wake. Walikuwa wangu. Nilijua ni wangu tangu mwanzo, na nikaacha mtu mzima abebe aibu yangu kichwani pamoja na beseni lake.

Nilitaka kuandika kwamba nilinyamaza tu. Uongo! Sikunyamaza. Nilifungua mdomo huu huu ninaoombea nao kanisani nikasema.

Mimi ni msichana wa Kimulot, kule juu karibu na msitu, mahali mama yangu ana chai kidogo na ng'ombe wawili. Kwetu tunajulikana kwa usafi. Mama akimaliza kufagia nyumba anafagia mpaka chini ya ghala la mahindi. Hebu niambie, chini ya ghala kuna nini cha kufagia? Lakini ndivyo nilivyolelewa, na nilipopata kazi Kericho mjini, kwenye duka la kutoa nakala, nilibeba sifa hiyo pamoja na sufuria mbili, jiko la makaa na blanketi moja.

Mji sikuujua na mshahara ulikuwa mdogo. Nilipata chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi, bomba moja la maji uani, vyoo viwili vya watu wote. Siku za kwanza nililala juu ya makatoni. Baridi ya Kericho haina huruma, na mvua ya alasiri haikosi, kwa hiyo simenti haikauki vizuri. Wiki ya pili nikaona siwezi tena. Nikaenda kando ya barabara kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vilivyotumika.

"Hii imelaliwa miezi tatu tu, dada," akaniambia, akilipiga godoro kwa kiganja. "Mwenyewe amepewa transfa. Kava ni mpya, angalia maua."

Niliangalia maua. Yalikuwa ya kijani, mazuri. Kava sikuifungua. Mtu mwenye akili ananunuaje godoro bila kufungua kava? Nilifurahia bei tu, nikalipakia kwenye mkokoteni nikienda nyuma kama bibi harusi.

Siku ya tatu niliamka na mistari ya vipele shingoni. Siku ya tano nikafungua kava. Mungu wangu! Mishono yote ilikuwa myeusi, imejaa vinyesi vya kunguni vya nukta nukta, na wenyewe wamejipanga ndani wanene, wamejaa damu yangu. Nilimfinya mmoja ukutani akaacha mstari mwekundu. Harufu yake ni kama ya dhania iliyooza. Mpaka leo nikikuta dhania kwenye mboga nasukuma sahani.

Ningesema siku ile, yangeisha siku ile. Lakini ningeanzaje? Mtoto wa mama anayefagia chini ya ghala, ameleta kunguni ploti ya watu! Na pesa za godoro lingine sikuwa nazo. Nikarudisha kava, nikafunga zipu, nikatandika shuka juu yake. Nikawa natoka kila asubuhi na blauzi iliyofungwa mpaka kooni.

Mama fua alikaa chumba cha sita. Tutamwita Mama Chebet, ingawa si jina lake. Alikuwa mjane, mtu wa upande wa Sigowet, aliyechuma majani miaka mingi kwenye shamba kubwa la chai mpaka mashine zikaletwa na wachumaji wakaambiwa kwaheri. Akaja mjini kufulia watu nguo. Kila asubuhi ungemkuta pale bombani na mabeseni yake matatu, na blanketi za watu zikiwa kwenye kamba kabla jua halijapanda, maana pale usipowahi asubuhi mvua inakufulia upya.

Yeye ndiye aliyenisalimia wa kwanza kwa lugha yetu. "Chamgei," akasema, nami machozi yakanilenga, kwa sababu nilikuwa nimekaa siku nne bila mtu kuniuliza hali. Alinionyesha mahali pa kununua makaa yasiyo na mawe. Alinionya kuhusu choo cha kushoto ambacho mlango wake hujifunga wenyewe.

Mwezi wa pili nilishikwa na homa ya matumbo. Nililala siku sita. Mama Chebet aliniletea uji, akanishika mgongo nikitapika, na siku ya tatu akavuta shuka zangu bila kuuliza.

"Mama, wacha, nitafua nikipona."

"Nyamaza, unywe uji."

Alizirudisha jioni zimekunjwa, zimepigwa pasi ya makaa. Nilicheka, mgonjwa hivyo hivyo. Nani hupiga shuka pasi? Yeye hakucheka. Aliangalia kitanda, akasema polepole, "Hata godoro linataka jua. Ukitaka, tulitoe pamoja asubuhi, kabla wenzako hawajaamka."

Nikasema ni zito. Nikasema kichwa kinauma. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe cha uji akaenda. Hakuniomba hata shilingi.

Sasa kunguni hawajui mpaka wa chumba. Walipita kwenye nyufa. Mama Shiro, mwenye duka la pale langoni, mtoto wake mchanga akaanza kutoka vipele uso mzima. Kwanza wakasema ni joto. Kericho na joto wapi na wapi! Jumamosi moja Mama Shiro akatoka uani na kunguni ndani ya kifuniko cha chupa, anapiga kelele, "Ngai! Ni nani ametuletea hii uchafu? Ni nani?"

Mzee Koech, msimamizi wa ploti, akaita watu wote. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, na Mama Chebet alikuwa bombani mikono ikiwa na povu.

"Hakuna maneno mingi," mzee akasema. "Tunatoa godoro zote hapa nje, chumba kwa chumba. Tunafungua kava. Tutaona."

Wakaanza chumba cha kwanza. Safi. Cha pili, safi. Mimi ni chumba cha nne. Walipoingia cha tatu nikashika kola ya blauzi yangu. Nilikuwa naona tayari maua yale ya kijani juani, zipu ikifunguliwa, watu wakirudi nyuma wameziba pua. Nilifikiria habari ikifika Kimulot.

Nikasema, "Kwani tunasumbuana na godoro za nini? Si kuna mtu hapa hubeba blanketi za watu hatuwajui?"

Basi. Ni hayo tu. Sikutaja jina.

Watu wote wakageuka bombani. Mama Shiro akasema, "Haki ya Mungu, ni kweli!" Wakaenda kwenye kikapu cha Mama Chebet, wakamwaga blanketi za wateja wake chini, wakapekua mishono. Wakapata kunguni mmoja. Mmoja! Kwa rundo lote lile. Labda alitoka kwa mteja. Labda ni wa shuka zangu. Lakini mmoja alitosha, na chumba cha nne hakikufunguliwa.

Mama Chebet alifuta povu kwenye leso. Hakujitetea. Alinitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama tu kama anayengoja. Mimi nikainamia viatu vyangu.

"Haya," akasema mwishowe.

Ile habari ilitembea haraka kuliko boda boda. Kabla ya saa sita wateja wake walikuwa wamefika kuchukua vitu vyao, hata vilivyokuwa bado kwenye maji. Dada mmoja aliondoka na blanketi linalotiririka, amelishika kwa vidole viwili mbali na mwili wake. Na mimi nilikuwa wapi? Nasema ili mnijue vizuri: nilikuwa nimechemsha maji kwenye sufuria yangu, nasaidia kumwagia pale simentini kikapu chake kilipokuwa. Nikashukuriwa. Mama Shiro akanipa soda.

Nilikunywa soda ile yote.

Mzee Koech alimpa Mama Chebet mpaka Jumatatu. Akaondoka na mabeseni matatu, moja ndani ya jingine, pasi ya makaa juu yake. Chumba chake kilipigwa dawa mara mbili. Kunguni hawakuisha, na wangeisha vipi, na mama yao amelala chumba cha nne? Watu wakasema, "Aliacha mayai, yule mama!" Nilipopata pesa, miezi mitatu baadaye, nikanunua godoro jipya. Lile la zamani nililikata kwa kisu vipande vipande, nikajaza magunia, nikayapeleka jalalani. Nikapiga dawa chumba changu na nyufa zote. Kunguni wakaisha. Watu wakasema, "Mnaona? Hewa yake ilikuwa bado haijaisha humu."

Kuhusu faida niliyopata, ni hii. Kunguni hawapo lakini najikuna. Mikono yangu ina makovu ya kucha zangu mwenyewe. Nikikaa mahali nainuka kutazama nilipokalia. Najinusa. Hata sabuni ya kunukia haisaidii, nasikia dhania.

Disemba nilienda nyumbani. Mama yangu, ambaye nilimwambia zamani kwenye simu kuhusu yule mama aliyeniuguza, alikuwa ameandaa kibuyu cha mursik, maziwa yamelala vizuri, yametiwa masizi ya mti kama ya wageni wa heshima.

"Hii ni ya yule mama aliyekushika ukiwa mgonjwa," akasema. "Umwambie kongoi, asante sana. Umwambie mimi pia ni mama, na nimeona alichofanya."

Ningeweza kuyanywa njiani na kusema nimefikisha. Nawaambia ukweli, niliwaza. Lakini kibuyu cha mama kinarudi nyumbani na salamu ndani yake, na mama angeuliza, alisemaje? Nikampigia Mama Shiro, nikajifanya nauliza tu. Akasema alisikia yuko Kaplong, kwa dada yake.

Nilimpata akikata nyasi za ng'ombe, manyunyu yakimdondokea. Amekonda. Nilisema, "Chamgei, mama." Akasimama na panga mkononi, akaitikia.

Sikuzunguka. "Mama, wale kunguni walikuwa wangu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilifua shuka zako. Unafikiri mama fua haoni? Nilizichemsha mara mbili. Pasi nilipiga kwa mishono ndio mayai zife."

Niliikumbuka ile pasi niliyoicheka. "Mbona hukusema siku ile? Mbele ya watu wote?"

"Wewe ni msichana wa watu, tena mgeni kwa mji. Nilisema acha nisikuaibishe, utasema mwenyewe." Akafuta panga kwenye nyasi. "Nikangoja. Hata Jumatatu nikipanda gari nilikuwa naangalia kwa dirisha, nikisema labda atakuja mbio."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitamsaidia arudie kazi yake. Akasema hata Kaplong habari ilifika, mtu wa Kericho aliieneza, hakuna anayempa blanketi tena. Anakata nyasi za dada yake ili apate pa kulala.

Nikampa kibuyu. Nikamweleza maneno ya mama yangu, yote. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Hii napokea. Mama yako hajanikosea kitu."

Akaelekea nyumbani, nami nikamfuata. Mlangoni akageuka.

"Wewe baki hapo."

Nilibaki uani, kwenye manyunyu. Nilimsikia ndani akimimina mursik, kisha akisuuza kibuyu kwa maji moto. Alitoka akanirudishia kikiwa safi, kimefunikwa vizuri.

"Mwambie mama yako kongoi sana. Na mimi nimekusamehe, Mungu anasikia. Lakini kwa nyumba yangu usiingie."

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba mimi sina tena. Kwamba nilitupa godoro, nikapiga dawa, kunguni wote walikufa.

"Kunguni iko na dawa," akasema, akafunga mlango.

Mama yangu aliponiuliza alisemaje, nilimpa ile kongoi tu. Hayo mengine hajui.

Na kama mnadhani baada ya Kaplong nilirudi ploti nikasimama bombani nikasema ukweli, mmenipa heshima nisiyostahili. Sijasema. Naandika hapa bila jina, mjue hivyo. Mpangaji mpya akija, Mama Shiro humsimulia habari ya yule mama mchafu aliyetuletea kunguni, na mimi nikiwa pale na ndoo yangu husema, "Eeh, tuliona mambo." Nikisikia sauti yangu nataka kutema mate.

Wewe uliyefika mji mgeni jana na pesa kidogo, fungua kava kabla ya kununua godoro. Ukikuta umeshaleta uchafu, sema siku hiyo hiyo. Utachekwa wiki moja, mbili, halafu watu watapata mwingine wa kucheka. Usimtupie anayefua. Yeye ameshaona shuka zako, na huenda amesimama pale pale mikono ina povu, anakungoja.

Jumamosi hii Mzee Koech ametangaza tena magodoro yote yatoke juani. La kwangu ni safi, nitalibeba wa kwanza. Namuomba Mungu nikilifikisha pale bombani nipate mdomo, na ninavyojijua, sijiamini.