Kwangu Anadi Ng'ombe Bunda

Mwalimu Pelagia alikuwa mfupi, mwembamba, na mkaidi kuliko punda aliyechoka. Enzi hizo Mwingereza bado anatawala Tanganyika, naye akifundisha darasa la juu la wasichana katika shule ya misheni karibu na Bunda. Jambo moja lilikuwa limemkaa rohoni. Mwaka uliopita mwanafunzi wake hodari, Nyangi, aliitwa Musoma kusailiwa ili aingie chuo cha ualimu. Mbele ya wakubwa akainamisha uso, akaweka kiganja mdomoni, akajibu kwa kunong'ona, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri. Wasaili wakasema hajui kitu. Akarudi nyumbani, akaozwa.

"Mwaka huu hapana!" Pelagia aliapa.

Safari hii zamu ilikuwa ya Kwangu, binti wa Mzee Nyamhanga, mfugaji. Darasani Kwangu alikuwa moto wa kuotea mbali. Akitokea mtu mzima tu, macho chini, kimya.

Basi Pelagia akamwendea Hamduni, dalali wa mnada wa ng'ombe, akamwomba amwachie Kwangu anadi siku moja. Hamduni alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mwalimu, huku ni kelele na mavi ya ng'ombe. Mtoto wa kike atafanya nini?"

"Atapiga kelele."

Siku ya mnada ikafika. Kwangu akapandishwa juu ya sanduku, fimbo mkononi, wachinjaji wamemzunguka. Likaingizwa dume jekundu, pembe zimepinda, na Kwangu akalitambua pale pale. Nyuma ya dume alikuja mwenyewe, baba yake.

Kiganja kikaenda mdomoni.

"Ni... ni dume," akanong'ona.

Mchinjaji mmoja akataja bei ya mbuzi, watu wakaangua kicheko. Pelagia alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akabaki amesimama.

Mzee Nyamhanga hakucheka. Ndiye aliyewafunza watoto wake kwamba mbele ya mkubwa mtu hutazama vidole vyake vya miguu. Ila lile lilikuwa dume lake.

"We Kwangu! Unauza ng'ombe wangu au unamzika? Nyumbani ukigombana na kaka zako unasemaga mpaka mbuzi wanakimbia! Inua uso, sema!"

Loo! Kwangu akainua uso.

"Jamani, tazameni mgongo huu! Tazameni paja! Huyu mnamlinganisha na mbuzi? Nani ana macho hapa?"

Bei ikapanda, ikapanda tena. Wachinjaji wakawa wanasukumana. Hamduni akairusha kofia yake juu, na Pelagia, mwalimu mzima, akarukaruka pale kwenye vumbi bila haya.

Mwezi uliofuata walikwenda Musoma. Kwangu akaitwa ndani, Pelagia akakaa barazani, chini ya dirisha. Akasikia msaili akiuliza, "Na wazee wakikataa kuleta binti zao shuleni, wewe utafanya nini?"

"Nitawafuata kwenye baraza lao, niombe nafasi, niseme nikiwatazama!"

Karani aliyekuwa anapita akasimama kusikiliza. Pelagia alijipiga paja kwa furaha.

Mara mlango ukafunguliwa. Akatoka Bwana Elimu mwenyewe, mkubwa wa shule zote za jimbo, Mzungu mrefu, uso hauna dalili ya tabasamu.

"Nani amemfundisha msichana huyu kusema namna hii?"

Pelagia akasimama. Amekasirika? Amefurahi? Hakujua. Alichojua ni kwamba anatazama vidole vyake vya miguu, na kiganja chake kiko mdomoni.

Kutoka mlangoni ikaja sauti ya Kwangu, ile ile ya mnadani.

"Mwalimu! Inua uso, sema!"

Pelagia akashusha mkono. Akamtazama Mzungu machoni.

"Ni mimi, Bwana! Mimi Pelagia!"

"Vema," alisema yule bwana, na safari hii akatabasamu. "Huyu tumemchukua. Mwakani niletee wengine."

"Nitakuletea!" Pelagia akajibu, na wale waliokuwa wakipita barabarani wakageuka kumtazama.