Chai au Wimbi

Nimesema uongo kanisani mara moja tu maishani mwangu, na niliusema kwa sauti, nimesimama mbele, nimevaa tai. Waumini wote walijua ni uongo isipokuwa mtu mmoja. Na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na jibu la swali la mama yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Sironga, na kanisani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mgeni akija na Kiswahili chake, nakigeuza kwa Ekegusii, lugha yetu; mwenyeji akiuliza kwa Ekegusii, nampelekea mgeni kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa, sifichi. Wazee walisema kijana huyu mdomo wake una baraka, nami nikawaamini kabisa, mjinga mimi.

Lazima nieleze jambo moja kwanza, maana bila hilo hutanielewa, na hata ukinielewa sikuombi unisamehe. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu yenye heshima ndani yake. Mvulana akishatahiriwa, haingii tena chumba anacholala mama yake. Hatazami anakooga. Hataji mbele yake sehemu za mwili zinazofunikwa na nguo, wala mama hazitaji mbele yake. Bibi na mjukuu wanaweza kutaniana watakavyo, lakini mama na mwana, ng'o.

Basi mama alipopata kinundu kwenye titi, aliniambia anaumwa bega. Mwaka mzima bega, bega. Nilimletea mafuta ya kuchua. Mwishowe mama mdogo, yaani dada yake, ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali ya misheni, na huko wakamkata titi la kushoto. Nilikwenda kumtazama. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikamsalimu kwa mbali kama mtoza kodi, nikaacha ndizi na maziwa mala, nikaondoka. Sikumwuliza daktari lolote. Ningeulizaje?

Aliporudi nyumbani kanisa lilitoa shukrani. Ilitangazwa kwamba mama yetu amepona, na watu wakasema amina. Kwa mkono wake alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza wimbi, zile punje ndogo za ulezi, akakivaa ndani ya gauni upande ule uliokatwa. Wimbi una uzito wake, na unajilaza vizuri. Siku moja kwenye kituo cha kupimia majani ya chai uzi ulifumuka, punje zikaanza kumdondoka miguuni, na kuku wa jirani wakaja mbio. Wanawake walimzingira wakamfunika kwa kanga. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, na ghafla nikaona kamba ya kiatu changu inahitaji kufungwa.

Mwaka wa pili maumivu yakaja. Mgongo kwanza, kisha mbavu, kisha kikohozi kikavu kisichosikia asali wala ndimu. Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Jirani mmoja alisema kisu kimeingiza upepo mwilini. Mwingine alisema asile mayai. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi, kwamba huenda kuna dhambi ambayo haijaungamwa. Nilifungua redio kusikiliza kipindi cha afya, nikafundishwa vyoo na malaria. Nikaenda kwa dresa wa zahanati. Nikamwambia mama yangu anaumwa mgongo.

"Kazi yake nini?"

"Anachuma chai."

"Basi ni kikapu hiyo," alisema, akanipa vidonge vya maumivu.

Sikumwambia kwamba alikuwa amekatwa titi. Angejuaje dresa wa watu? Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mama yake.

Mwaka ule makambi ya kanisa letu, ile mikutano ya wiki nzima chini ya turubai, yalitangazwa kuwa na daktari. Alikuwa mzungu, mwanamke wa makamo, aliyekaa miaka mingi Tanzania. Kiswahili chake kilinishinda hata mimi mwalimu, ila Ekegusii hakuwa na hata neno moja. Siku ya Ijumaa angefundisha somo la afya na kujibu maswali.

Jumatano mama alinijia shambani. Nilikuwa nikilima kipande kilichobaki chini ya migomba, kwa ajili ya miche ya chai niliyokuwa nimeileta. Alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Baba," akaniita, kama alivyoniita tangu utotoni, "Ijumaa nitauliza neno. Wewe lipeleke kama lilivyo. Usiongeze chumvi wala usipunguze."

"Sawa, mama."

"Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

Ijumaa turubai lilijaa. Mbele kabisa aliketi baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mikono juu ya magoti. Nyuma walikaa wanafunzi wangu. Maswali yakaanza: mtoto anayeharisha, maji ya kisima, maziwa ya ng'ombe kuchemshwa. Nilitafsiri kwa raha zangu, mkono mmoja mfukoni.

Kisha mama akasimama. Ilimchukua muda kusimama. Akasema kwa Ekegusii, polepole, na watu wote wakasikia: "Mimi nilikatwa titi. Mkaniambia nimepona, mkaimba. Sasa nina maumivu ya mgongo na mbavu, na kuna vinundu vingine chini ya kwapa. Nataka kujua, huu ni ugonjwa uleule umehama, au ni mwingine? Na kama ni uleule, nimebakiza muda gani? Kuna kipande cha shamba kimelimwa. Chai inataka miaka mitatu ndipo ichumwe. Wimbi unataka miezi mitano. Niambiwe nipande chai au nipande wimbi."

Lo! Hakuna mwanamke aliyewahi kulitaja neno lile mbele ya kusanyiko, tena mbele ya mwanawe. Nilimwona baba mkwe akiyatazama majani chini. Daktari alinigeukia, akingoja.

Ningeweza kulisema. Kwa Kiswahili halikuwa hata neno la kwetu, lingepita tu. Wale wanafunzi wangu ningewafundisha siku hiyo jambo kubwa kuliko hesabu zote.

Nikasema, "Mama huyu anaumwa mgongo na mbavu. Na anauliza, apande chai au apande wimbi."

Daktari akacheka. Si kicheko cha dharau, hapana, alicheka kama mtu anayempenda anayemcheka. "Mama," akasema, "la chai muulize bwana shamba, mimi najua mifupa tu! Usibebe mizigo mizito. Jikande kwa maji ya moto jioni."

Hakuna mwingine aliyecheka. Nikamgeukia mama, na hapa ndipo nilipofanya lililo baya kuliko la kwanza. Nilisema, "Anasema usibebe mizigo. Anasema panda chai."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, mama."

Sasa, mama yangu alikuwa ameuza ndizi Kisii mjini miaka mingi, kwa wenye maduka Waislamu pale sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja, lakini mgongo alijua ni nini, na titi alijua ni nini. Alinitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akamwinamia daktari, akasema, "Asante, dakitari," akaketi.

Usiku ule mke wangu aliweka chakula mezani akaenda kulala na watoto.

Jumapili baada ya makambi nilishuka shambani na miche yangu ndani ya karai. Nilimkuta mama amenitangulia. Alikuwa anatembea kwenye udongo ule niliolima, fimbo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unamwaga mbegu, kidogo kidogo. Zilikuwa zikitoka kwenye kifuko cha kitambaa kilichofumuliwa upande mmoja. Nilikijua kifuko kile. Nilikitazama kwa mara ya kwanza bila kugeuza macho, kisha nikamtazama yeye, na gauni lake lilikuwa limelala bapa upande wa kushoto.

"Mama," nikasema, "daktari alisema chai."

"Chai kapande wewe kule juu. Hapa napanda wimbi."

Nilielewa. Nikajifanya sikuelewa, nikabeba karai langu nikapanda nalo kilimani.

Hakukivaa kifuko tena. Alikwenda kanisani hivyo hivyo, bapa, na wenye macho wakatazama. Halafu wanawake wakaanza kuja jikoni kwake, mmoja mmoja, wengine kutoka mbali, hata Ogembo. Nikipita nilikuwa nakohoa ili wajifunike. Nilimsikia akiwaambia, "Ukikiona kinundu, usiseme bega. Nenda. Na ukikatwa wakaimba kwamba umepona, imba nao, lakini urudi ukaulize. Wangu ulihamia mifupani. Nimeambiwa na anayejua." Wanawake wale walijua mambo ya mama yangu ambayo mimi sikuyajua, na niliona wivu, wivu mchafu, kwa vile nafasi yao nilipewa mimi kwanza nikaitupa.

Nilijiuliza ni nani huyo aliyemwambia. Sikuthubutu kumwuliza.

Alifariki wimbi ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Wanawake wale wale walikuja na visu vidogo wakauvuna, wakauanika, wakausaga, na waliokuja kutufariji siku za baadaye walikula ugali wake. Ulitosha. Alikuwa amepiga hesabu vizuri.

Jioni moja mama mdogo alinikuta nyuma ya ghala, nimeshika sahani ambayo sikuwa nimeigusa. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Kula," akasema. "Kulikuwa na jambo alinikataza nisikuambie akiwa hai."

Akanieleza. Jumapili ile, alfajiri, wao wawili walikwenda kwenye hema la daktari kabla hajafunga mizigo. Hawakuwa na mkalimani. Mama hakusema mengi. Alifungua vifungo vya gauni, akatoa kile kifuko, akakiweka juu ya meza, akasimama pale uchi wa kifua katika mwanga wa taa. Kisha akauchukua mkono wa daktari akaupitisha kwenye kovu, kwapani, mbavuni, mgongoni. Daktari aliketi chini. Alimwambia kwa maneno machache na kwa vidole: mifupa, hakuna dawa ya kuuondoa, miezi sita, pengine minane. Mama akarudia kuhesabu vile vidole ili awe na hakika.

"Kisha yule mzungu alikasirika," mama mdogo akasema. "Alikasirika hasa, uso ulikuwa mwekundu. Akauliza, yule kijana wa juzi, aliyetafsiri, ni nani? Ni mtoto wako?"

Nikaweka sahani chini.

"Mama yako alikuwa anafunga vifungo. Akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. Akamwambia, 'Hapana. Mimi hapana jua yeye. Hiyo ni mtu ya kanisa tu.'"