Kiapo cha Wenye Katekista

Pikap zetu tuliziita Katekista. Jina la kiwandani lilikuwepo, limeandikwa nyuma kwa herufi kubwa, ila hakuna aliyelitumia, maana gari lile lilikuwa na tabia za katekista kabisa: halinywi sana, halichoki kwenda vijijini, na ukilibebesha kazi ya watu watatu linanung'unika kidogo kisha linaifanya. Tulikuwa wenye magari kumi na wanne katika parkingi moja ya Butembo, na yote kumi na manne yalikuwa Katekista. Ukija na aina nyingine tunakusalimu vizuri, tunakuuliza habari za watoto, halafu tunakuonyesha parkingi ya jirani.

Baba yangu alikuwa rais wetu. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa wa kwanza kupandisha Katekista hadi Alimbongo wakati wa mvua na kurudi na viazi, basi tangu siku hiyo akikohoa watu walinyamaza wakidhani anafungua mkutano. Mimi nilikuwa mwanamke pekee kati yao. Niliendesha gari lake la pili, zee mno, lenye tundu sakafuni. Kupitia tundu hilo niliiona barabara ikipita chini ya miguu yangu, na kwenye madimbwi nilioga bila kutaka. Nilinunua viazi Lubero na Alimbongo, miaka ile ambayo barabara ya Alimbongo ilikuwa bado inatupitisha bila maswali mengi, nikaviuza Butembo, na vikibaki nikaviteremsha hadi Beni.

Nikisema tulilipenda gari hilo nitakuwa nimesema nusu. Mwenzetu mmoja, mwuza saruji, lake lilikuwa limebadilishwa injini, sanduku la gia, milango yote miwili na kipande kikubwa cha shasi. Kitu cha kiwandani kilichobaki kilikuwa usukani, na usukani wenyewe alikuwa ameuzungushia mpira wa baiskeli. Huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu asili.

Habari mbaya ilitufikia Jumapili moja baada ya misa ya kwanza. Mtoto wa mwuza saruji anaishi Dubai, anafanya biashara ya magari, na siku hiyo alimtumia baba yake ujumbe wa sauti. Mwuza saruji aliusikiliza, akakaa chini juu ya tairi, akainua simu ili sote tusikie.

"Papa, ile gari yenu, usine yenyewe hapana inaitengeneza tena. Banaitoa sous-traitance. Batu bengine njo banaifunga, kwa inchi ingine. Lakini prix ni ile ile."

Yaani kiwanda chenyewe kilikuwa kimewapa watu wengine kazi ya kuliunganisha, katika nchi nyingine, kwa bei ile ile. Aliurudia mara tatu, kana kwamba mtoto angebadilisha maneno. Kisha tukaanza kubishana ni nchi gani. Mmoja alisema India, mwingine Thailandi, wa tatu akaapa ni Kampala, nyuma ya gereji ambayo shemeji yake anaifahamu. Baba akakohoa.

"Hostia ya misa," alisema, "inapikwa na mutu yeyote?"

"Hapana," wakajibu. "Masista njo banapika."

"Donc?"

Hilo "donc", yaani "kwa hiyo", liliwaingia mifupani. Mimi nilitaka kusema kwamba masista wenyewe wanapika kwa unga unaotoka Uganda, lakini nilikuwa na sababu ya kunyamaza, nayo nitaieleza sasa hivi, maana bado inanichekesha na bado inanitia aibu.

Kwanza nieleze kable. Kwenye barabara ya Lubero, mvua ikinyesha, hakuna dereva hodari. Kuna dereva mwenye wenzake. Kila gari letu lilibeba kable ya chuma nyuma ya kiti. Aliyetangulia kuvuka tope aligeuka akamvuta anayefuata, huyo akamvuta wa tatu, hadi wa mwisho. Hakukuwa na asante wala malipo. Mtu asiye na kable ya wenzake alilala topeni siku mbili, tatu, na viazi vyake vikaanza kutoa harufu. Basi siku hiyo baba aliitoa kable yake, akainyoosha katikati ya parkingi, akatuambia sote tuishike. Tukaapa kwamba hatutanunua Katekista aliyezaliwa nje ya kiwanda chake, na mwenye kumleta hatutamvuta.

Nami niliishika. Niliapa kwa sauti, tena nzuri, sauti ya kwaya. Na wakati huo huo Katekista wangu mwenyewe, wa kwanza maishani mwangu, matunda ya miaka kumi ya viazi, alikuwa melini baharini, anakuja. Nilikuwa nimemwagiza kupitia huyo huyo mtoto wa Dubai, kimya kimya, nikitaka kumshangaza baba. Tena nilijua alikoundwa, maana kijana alikuwa ameniambia, na mimi nilikuwa nimejibu kwamba kama ana magurudumu manne hainihusu. Kwa hiyo nilisimama pale nikiapa mbele ya Mungu kwamba sitajivuta. Kicheko kilinibana hadi nikalazimika kujifanya nalia, na mwuza saruji akanipigapiga bega.

Gari lilifika kupitia mpaka wa Kasindi, nikaenda kulipokea Beni. Wacha niseme ukweli: nilirukaruka. Mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nilirukaruka barabarani Beni mbele ya maaskari na wauza mkate. Sakafu haikuwa na tundu. Viti vilikuwa bado na plastiki, na nikaapa (nilikuwa nimezoea kuapa) kwamba plastiki haitoki. Toka Beni hadi Butembo niliimba nyimbo zote za Pasaka, sauti zote nne, nikibadilisha kadiri ya gia. Wasiwasi ulinikuta mtaa wa Vulamba tu, nilipoona nyumba ya baba.

Alitoka nje akiwa na kandambili. Alilizunguka gari mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe. Aligonga mlango kwa kidole, akafungua kapo, yaani boneti, akainama, akaweka sikio karibu na injini.

"Iko nalia muzuri," alisema kwa huzuni. "Sana muzuri. Njo ile inaniogopesha."

"Papa, niliiagiza zamani, mbele ya kiapo."

"Na wakati ya kiapo mukono yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye kable."

Alinitazama. Niliona mdomo wake unatetemeka, nikajua anazuia kicheko, nikadhani nimepona. Lakini alikaza uso.

"Mutoto yangu, kama nasema kiapo hapana inamugusa mutoto ya rais, kesho batasema nini? Utatembea na sisi. Nyuma. Ukizama, hapana angalia mu macho yangu."

Kwetu gari jipya halianzi kazi kabla ya padri kulinyunyizia maji ya baraka na wenye parkingi kulinywea pombe. Nilitengeneza pombe ya ndizi ya kutosha harusi. Walikuja wote, maana hakuna kiapo kinachokataza pombe. Walikunywa hadi tone la mwisho, wakasifu chakula, wakamsifu mama yangu, wakausifu mti wa parachichi uani, na gari halikuguswa na mtu. Padri alipouliza kwa nini wanakaa mbali hivyo, mwuza saruji alijibu, "Mon père, ni juu ya heshima."

Basi nikawa wa mwisho kwenye mstari. Kila Jumatatu tulipanda Lubero na Alimbongo, kila Jumatano tulirudi. Baba aliendesha mbele yangu kabisa, dereva wake amekaa kiti cha abiria, na kioo chake cha pembeni alikuwa amekigeuza ili kinitazame mimi badala ya barabara. Wote walisubiri gari langu life. Waliuliza kwa upole kabisa, kama wanavyouliza habari za mgonjwa: halijazima? Halijatoa moshi? Usiku liliwaka vizuri? Nilipojibu kwamba liko salama walisema "wasingya," asante kwa Kinande chetu, na nyuso zao zilianguka. Nami nilijisikia mwepesi wiki zile, nikiendesha huku nacheka peke yangu. Ila kicheko kiliisha kila nilipoona mawingu. Kuna siku nitazama, nilijua. Viazi vitaoza, hilo nilikuwa tayari. Jambo ambalo sikuwa tayari nalo ni kumwona baba yangu amesimama pembeni na kable mkononi, asiifungue.

Siku hiyo ilifika mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tunarudi kutoka Alimbongo, magari yamejaa, na mvua ilikuwa imeharibu mteremko mmoja na kilima kinachofuata. Wa kwanza alipita kwa bahati. Akageuka, akamvuta wa pili. Kazi ikaenda kama tulivyozoea, mwuza saruji akavutwa akipiga kelele wasimvunjie usukani, baba akavutwa, na wote kumi na watatu wakafika ng'ambo. Nikabaki mimi. Niliingia kwa gia ya kwanza, nikaomba watakatifu wote, nikafika katikati, na gari likakaa. Halikuzima, injini iliendelea kulia vizuri, vizuri sana, huku magurudumu yakichimba hadi tope likafika chini ya mlango.

Nilishusha kioo. Walikuwa wamejipanga ukingoni, wenye magari kumi na watatu, kable mabegani, wanatazama viatu vyao.

"Kiapo ni kiapo," mwuza saruji alisema hatimaye, bila furaha yoyote.

"Tupigie padri simu, atutoe kwenye kiapo," akasema mwingine.

Waliinua simu zote juu. Hapakuwa na mtandao. Mmoja alipendekeza turudie kuapa kinyumenyume, na wakaanza kweli kujadili kama jambo hilo linawezekana katika Kanisa Katoliki. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Nilimtazama baba machoni, ingawa alinikataza. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Baba aliitua kable chini. Akavua viatu, akavipanga juu ya jiwe. Akavua koti, akakunja suruali hadi magotini, miguu yake myeupe kwa kukosa jua, akaingia topeni.

"Papa, unafanya nini?"

Alipita mlango wangu, akafika nyuma. Nilisikia viganja vyake vikitua kwenye bodi.

"Niko nasukuma mutoto yangu," alisema. "Kama gari iko katikati yetu, ile ni shauri ya gari."

Kisha nikasikia mtu mwingine akiingia topeni, akafuatwa na mwingine. Mwuza saruji alilalamika, akasema matope haya yanaingia hadi kwenye nafsi, naye akaingia. Kable kumi na tatu zilibaki ukingoni, kavu, na magari kumi na matatu yenye nguvu za kutosha kung'oa kanisa yalisimama yakitazama wazee wakifanya kazi ya punda. Walihesabu kwa Kinande, wakasukuma. Gari likajikuna, likarudi. Wakahesabu tena. Mtu aliteleza, akamshika mwenzake suruali, ikashuka, na kicheko kikawamaliza nguvu wote kwa wakati mmoja. Nilikuwa nacheka na kulia hadi sikuiona barabara. Mara ya nne gari liliruka.

"Hapana simama," baba alipiga kelele. "Enda tu."

Nikaenda. Nilipanda kilima kizima bila kugusa breki, nikayapita magari yao yote yaliyopangwa pembeni, na nilisimama juu kabisa, mahali pakavu, nikashuka kutazama.

Walikuja kwa miguu, mmoja mmoja, wamekuwa rangi moja, huwezi kujua yupi ni nani mpaka azungumze. Kila mmoja aliishia kwenye gari lake. Baba ndiye aliyekuwa mrefu, huyo nilimtambua, na alilipita gari lake bila kulitazama. Nyuma yake alikuja dereva wake. Nasema dereva kwa heshima tu, kwa sababu miaka sita alikuwa amelipwa kukaa upande wa abiria. Baba hakumwachia usukani hata siku moja.

Baba alifika, akafungua mlango wangu wa abiria, akakaa. Matope yalitiririka juu ya plastiki hadi sakafuni.

"Mzee," dereva aliuliza, akiwa amesimama nje, "na gari yako?"

Baba alitafuta mfukoni, akatoa ufunguo wenye matope, akampa kupitia dirishani.

"Ilete Butembo," alisema. "Polepole."

Yule kijana alishuka kilima mbio. Baba alifunga kioo, akavuta mkanda, akauangalia, hakujua unaingia wapi. Nikamsaidia kuufunga.