Kitanda Alichokikataa Leona

Alcide Pelletier alifariki mwezi wa Machi, tukamzika Mei ardhi iliyoganda ilipolegea, kama ilivyo kwetu huku. Padri alimsifu sana. Alisema marehemu alikuwa mtu mpole, nami nikakohoa kanisani mpaka dada yangu akanifinya paja. Alcide hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mbishi, mkaidi, mwepesi wa kununa, na nilimpenda hivyo hivyo kwa miaka yote tuliyoishi jirani.

Nyumba zetu zinatazama mto. Ukisimama jikoni kwangu unaiona Kanada ng'ambo, na ukigeuka unaiona gereji ya Alcide. Alipostaafu kiwanda cha karatasi, masikio yakiwa yameshaanza kuwa mazito, alilitoa gari nje likanyeshewe theluji, akaigeuza gereji kuwa karakana. Humo akawa anatengeneza samani za wanasesere. Vitanda, viti vya kubembea, makabati ya vyombo ambayo milango yake inafunguka kweli, masanduku ya nguo yenye bawaba za ngozi, hata ubao wa kupigia pasi. Wiki chache kabla ya Krismasi tulivipeleka kwenye mnada wa parokia, na kila mwaka wanawake wazima walisukumana mbele ya meza yake.

Wapo waliosema anafanya hivyo kwa sababu hakujaliwa binti. Mimi niliwaambia waache upuuzi. Alikuwa na wana watatu, wote wamekimbilia Connecticut kutafuta kazi, wanapiga simu Jumapili. Nilijua anatengeneza vitu vidogo kwa kuwa ana mikono mikubwa na anapenda sifa. Kazi yangu ilikuwa kushona magodoro, mito na mablanketi, na aliniita Idara ya Malazi, hasa nilipochelewa.

Alikuwa na sharti moja. Hatengenezi kitanda bila kumwona atakayekilalia. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ungewaona watoto wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na mwanasesere wake kwapani.

"Karibu, mama mzazi," Alcide alimwambia mtoto. "Huyu mwanao analala chali au ubavu?"

"Ubavu, babu. Lakini anakoroma."

"Anakoroma? Pole sana. Basi kitanda chake kikae mbali na chako. Mlete tumpime."

Alimlaza mwanasesere juu ya meza ya kazi, akakunjua futi yake ya mbao, akapima kutoka utosini hadi kisiginoni. Kisha akaongeza vidole viwili juu na vidole viwili chini, akapiga mstari kwa penseli. Hapo ndipo ubao ulipokatwa. Nilimwambia mara nyingi aache nafasi kidogo, mtoto atapewa mwanasesere mwingine mkubwa zaidi.

"Mwanasesere hakui, Normande," alinijibu. "Nafasi ya nini?"

Mkewe, Leona, alikuwa mpishi wa shule. Mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi Kanada, na kwa kukaanga ploye, chapati zetu za unga wa mtama mweusi, hakuna aliyemfikia bonde zima. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza polepole. Kwanza majina, halafu njia ya kurudi kutoka kanisani, halafu jiko. Alipoacha moto unawaka chini ya sufuria tupu kwa mara ya pili, wana walikuja kutoka Connecticut na sura za msibani, na Leona akahamishiwa makao ya wazee karibu na kanisa. Alcide alikuwa na mtoto wa jicho na hakuruhusiwa tena kuendesha, hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana nilimpeleka kwa pikapu yangu.

Msimu mmoja wa baridi mtu alitoa sanduku la wanasesere kwa ajili ya wazee pale. Wengine waliwaangalia wakawaacha. Leona alichagua mmoja mwenye mwili wa kitambaa, jicho lake moja halifumbi, akamkumbatia, na tangu hapo hakumweka chini.

Nasema hakumweka chini, na sina maana nyingine. Hakumweka ili ale. Hakumweka ili alale. Usiku kucha alikaa kitini ameinamisha kichwa juu yake, na wakijaribu kumchukua alipiga kelele za kuumiza roho. Miguu ikamvimba, mgongo ukaanza kutoka vidonda, uso ukabaki mifupa. Daktari alimwambia Alcide wazi kwamba akiendelea hivi, Leona hatafika mwisho wa majira ya baridi, barafu ya mto inapovunjika.

Darlène, muuguzi wa zamu ya mchana, ndiye aliyekuja na wazo. "Mzee Alcide, si wewe unayetengeneza vile vitanda vya mnadani? Mtengenezee na huyu. Huenda akiwa na mahali pazuri pa kumlaza, atamlaza."

Alcide alivaa kofia yake akatoka nje bila kuaga. Nilimfuata hadi kwenye gari.

"Sasa umemnunia binti wa watu kwa kosa gani?"

"Mke wangu si mtoto, Normande."

"Nani kasema ni mtoto?"

"Unataka niende pale nimwambie Leona, karibu mama mzazi? Leona? Nimpime mdoli mbele yake nijifanye mjinga?"

"Kila Jumamosi unajifanya mjinga mbele ya watoto wa watu, na huoni haya."

"Wale wanajua tunacheza," alisema. "Yeye hachezi."

Niliwasha gari tukaenda nyumbani.

Siku chache baadaye tulimkuta Leona amesinzia na kijiko mdomoni, uji unamtiririka shingoni hadi kichwani kwa mwanasesere, na mikono yake bado imemkamata kwa nguvu. Alcide alisimama akamtazama muda mrefu. Kisha akatoa futi mfukoni, akaikunjua taratibu isilie, akapima.

Kile kitanda kilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ubao wa mwerezi, umepigwa msasa hadi ukawa laini kwenye shavu, na chini matao mawili ya kukibembeza. Hakutumia msumari hata mmoja. Kichwani alichonga nyota, ile ya bendera yetu sisi Waakadia, watu wa asili ya Kifaransa wa bonde hili, na mimi nilishona godoro la sufu ya kondoo wa dada yangu. Nilimwambia kwamba kingekwenda mnadani wanawake wangetoana macho. Hakucheka, lakini niliona ameridhika.

Tulikiweka juu ya kitanda cha Leona, mbele yake. Alikikagua kama alivyokuwa akikagua viazi vya shule, bila haraka na bila huruma. Akaminya godoro. Akapitisha kidole kwenye kingo. Halafu akamshusha mwanasesere hadi karibu kabisa na godoro, na Darlène mlangoni akaniminya mkono.

Leona akamrudisha kifuani.

"Nani kakitengeneza hiki?"

"Mimi," alisema Alcide.

"Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Sasa huoni? Miguu inagusa ubao. Leo inagusa ubao! Akikua je?"

Alcide alifungua mdomo. Nilijua neno gani liko ulimini mwake, maana nilikuwa nimelisikia mara mia, na namshukuru Mungu halikutoka.

"Hiki kakitengeneza mtu asiyetegemea mtoto aishi," Leona alisema. "Kiondoe hapa."

Kwenye gari Alcide alikipakata kile kitanda. Nilijaribu kumtania, nikasema mteja mkali ndiye anayemkomaza fundi. Hakunisikia, au alinisikia akaniacha. Tulipofika uwanjani kwake hakushuka.

"Tulikuwa na msichana," alisema. "Kabla ya Roland na wale wavulana wengine."

Nilizima gari.

Alinieleza akitazama mbele, maneno machache machache. Ilikuwa msimu wa kuvuna viazi, watu wote wako mashambani. Mtoto alizaliwa nyumbani, amekwisha kufa. Enzi hizo mtoto asiyebatizwa hakuzikwa na wenzake. Alipelekwa nje ya uzio wa makaburi, bila misa, bila kengele, na baba ndiye aliyefanya kila kitu kabla mama hajanyanyuka kitandani. Watu waliona ni heri mama asimwone kabisa. Mama yake Leona alifunga mlango wa chumba, akamwambia bintiye atapata mwingine.

"Sanduku nililitengeneza mimi," alisema Alcide. "Ghalani. Kitu kidogo cha kwanza nilichowahi kutengeneza. Nilimpima, nikaongeza vidole viwili juu, viwili chini. Sikuwa na sababu ya kuongeza zaidi."

"Leona alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza. Nami sikumwambia. Tulikwenda kuvuna viazi."

Niliona aibu kwa yale yote niliyokuwa nikiwajibu watu kwa kujiamini kuhusu mikono mikubwa na kupenda sifa. Tulikaa mpaka vioo vikajaa ukungu wa pumzi zetu.

Kesho yake asubuhi aligonga mlango wangu, futi mkononi.

"Wewe umezaa wanne. Mtoto aliye mchanga sasa, ikifika kiangazi atakuwa na urefu gani?"

Nilichukua futi, nikafikiria watoto wangu, nikaweka kidole. "Kama anakula vizuri, hapa. Kama anamfuata Leona, hapa."

"Basi niongeze?"

"Ongeza. Na kingo ziwe juu, ataanza kujivuta asimame."

Aliandika kwenye kiganja kwa penseli. Hatukucheka hata kidogo. Safari hii alitumia mbao nene, akapandisha kingo, akapanua matao ya chini kisipinduke. Hakuchonga nyota wala ua. Nami nilishona godoro la mtoto wa mtu, lenye kitambaa kisichopitisha maji chini yake, kwa sababu Leona angeuliza.

Kilikuwa kizito, tukakibeba wawili na kukiweka sakafuni kando ya kiti chake. Leona alikuwa amedhoofika zaidi katika hizo siku. Hata hivyo aliinama, akakitikisa kwa mkono, akasikiliza kama kinalia. Akaingiza mkono chini ya godoro, akagusa kile kitambaa, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akafika kwenye nafasi iliyobaki miguuni.

"Hapa ni pa nini?"

"Pa kiangazi," alisema Alcide. "Atakuwa amefika hapo."

Leona alipapasa pale mahali. "Ndiyo," alisema. "Atafika."

Lakini hakumweka. Tulisubiri. Darlène alileta supu ya kuku, ikaanza kupoa. Nilimwona Alcide anakunja na kukunjua vidole, nikajua amefika mwisho wa anachokijua. Alivuta kiti akakaa karibu naye hadi magoti yao yakagusana.

Leona alimtazama. Ilikuwa miezi mingi hajamtazama hivyo, kama mtu anayemjua.

"Alcide," alisema. "Yule wa kwanza, ulimfunika?"

Nilisikia bomba la maji katika chumba cha jirani.

"Nilimfunika, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Shati langu la sufu. Lile la kijani, ulilonishonea. Nilimfunga lote, mpaka kichwani."

"Lile lilikuwa na joto."

"Lilikuwa na joto sana."

"Mimi nilidhani alikwenda hivi hivi," alisema Leona. "Kulikuwa na baridi siku ile. Niliisikia chini ya mlango."

"Hakwenda hivi hivi."

Leona alikaa akilitafakari jambo hilo. Kisha akanyoosha mikono, ile mikono iliyokuwa imekakamaa kwa kushikilia, akampa Alcide mwanasesere.

"Basi mlaze wewe. Unajua."

Alcide alimpokea kwa mikono miwili, kiganja kimoja nyuma ya kichwa. Akapiga magoti sakafuni, mzee yule ambaye hata kanisani alikuwa ameacha kupiga magoti kwa sababu ya viungo. Akamlaza, akamfunika hadi kidevuni, akachomeka blanketi pembeni, upande huu na upande ule. Leona alimtazama mpaka alipomaliza. Alishusha mabega, akaniangalia mimi, akauliza kama supu ile ni ya mtu.

Nilimlisha mimi. Alimaliza bakuli. Alcide hakuweza kumlisha, maana alikuwa bado pale chini, ameshika ncha ya blanketi, analia kwa sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze.