Alama za Wachezaji wa Baba

Nilifika Jidda nikitokea Riyadh, ambako nilikuwa nimemaliza mkataba wa kulinda lango la mtaa wa wageni. Shemeji wa kafili wangu wa sasa, yaani mwajiri anayenidhamini, ndiye aliyenipata huko. Aliniona nikiwaegeshea watu magari, akaniuliza kama nina leseni, na baada ya muda ikama yangu, kibali cha ukaazi, ikahamishiwa kwa kafili huyo, mzee mmoja wa mtaa wa Al-Safa, injinia mstaafu. Wanawe walimwita baba, nami nikamwita hivyo hivyo.

Mwanzoni nilimjua kupitia kioo cha gari tu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Nilimpeleka Balad, mji wa kale, kununua kahawa na asali, na njia nzima alinisimulia ujana wake Marekani alikosoma, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakampotea. Alijua anachotaka kusema, ulikiona machoni mwake, ila neno lenyewe halikuja. Alijaribu mara moja, akajaribu tena, akasema "halas", yaani basi, na kugeuza uso. Neno hilo moja ndilo lililombakia. Wanawe walikuja jioni wakakaa naye, lakini mwishowe walizungumza wao kwa wao.

Kazi yangu ikawa kumpeleka asubuhi kwenye mazoezi ya viungo, kumrudisha, na kumshika mkono hadi kwenye kiti chake sebuleni. Siku moja nikiwa naondoka, akanivuta kwenye mkono wa shati. Akaonyesha kompyuta mpakato iliyokuwa mezani, kisha mkono wake uliolegea, kisha wangu. Nikaelewa kwamba anataka nimshikie kipanya.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega makubwa. Mimi nilicheza raga nikiwa shule ya upili kule Bungoma, mstari wa mbele kabisa kwenye skramu, na masikio yangu yaliyokunjamana bado yanaonyesha.

"Baba, hii ni raga?" nikamwuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ngamia ni ng'ombe, halafu akacheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka.

Katika mchezo huo wewe hukimbii wala hurushi mpira. Wewe ni meneja. Unasajili wachezaji, unawapanga, unachagua mbinu, kisha unakaa kutazama watakachofanya. Kila mchezaji ana ukurasa wake wenye umri, uzito na alama chungu nzima: kasi, nguvu, udakaji, utulivu. Juu kabisa imeandikwa alama moja kubwa, jumla ya zote.

Mimi nililelewa na alama. Nilitoka shule na D ya hisabati, na tangu hapo kila niliyemwomba kazi alianza kwa kuitazama. Kwa hiyo niliposoma ile namba kubwa sikuona haja ya kusoma zaidi. Timu yetu ilikosa kotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuwarushia wenzake. Baba akaniashiria nichague mimi. Palikuwa na wawili, mmoja wa themanini na nne, mwingine wa sabini na sita. Nikaupeleka mshale kwa wa themanini na nne. Baba akafungua mdomo, neno likakataa, akainua bega la kushoto. "Yalla," akasema, yaani haya basi.

Tukafungwa mechi ya kwanza, tukafungwa iliyofuata, na nyingine tena. Kijana wetu alikuwa na mkono wa ajabu. Aliurusha mpira mbali mno, na mara nyingi uliishia kwa wapinzani. Sikuelewa. Nikaanza kusema kompyuta ina kasoro.

Katika siku hizo madam, mke wa baba, aliingia sebuleni na kunikuta nimekaa kwenye kochi la familia, bega langu karibu liguse la mumewe. Nikaruka kusimama. Dereva hakai pale. Alimtazama mumewe, ambaye macho yake hayakutoka kwenye skrini.

"Kaa," akaniambia. Akatoka, akarudi na kikombe cha pili cha kahawa.

Tulipofungwa tena, baba alikasirika. Akakishika kidole changu kwa mkono wake mzima, akakishusha kutoka kwenye ile namba kubwa hadi kwenye namba ndogo za chini. Nguvu ya mkono, tisini na tano. Usahihi wa pasi fupi, hamsini na nane. Utulivu akibanwa, chini ya hapo. Kisha akakipeleka kwenye ukurasa wa mbinu zetu. Timu yetu ilicheza pasi fupi tupu.

Nikazisoma tena zile namba ndogo. "Kwa hiyo ile jumla," nikasema polepole, "wameikokotoa kwa timu yoyote. Hawakuikokotoa kwa timu yetu."

"Si yetu," akasema baba.

Tulitazamana. Akameza mate, akarudia, na safari hii akaongeza. "Namba... si yetu."

Tukamwingiza yule wa sabini na sita, ambaye mkono wake ulikuwa wa kawaida lakini pasi zake fupi zilifika. Tukaanza kushinda, si kila mara, ila kutosha.

Tangu siku hiyo nilianza kumwuliza maswali, hata yale ambayo jibu lake nilishalijua, ili alitafute neno. Nilijifunza kwamba kila mchezaji ana alama ya leo na alama ya upeo, na kwamba hiyo ya upeo ni makisio ya skauti tu, yule anayeitafutia timu wachezaji, naye skauti anaweza kukosea. Nilijifunza kwamba sabini ya mkimbiaji na sabini ya wale wanene wanaomkinga kotabeki hazilinganishwi, kwa sababu kila nafasi hupimwa kwa sifa zake. Kila kitu baba alikisema vipande vipande, huku akigonga goti lake.

Siku moja nilimsimulia juu ya ile D yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"D ya... ya nafasi gani?" akauliza.

Nilicheka hadi nikaweka kikombe chini. Lakini alikuwa anauliza kweli, na alisubiri jibu. Nikamwambia sijui, hakuna aliyewahi kuniambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia uzembe wa skauti.

Kisha daktari akataka akapimwe Riyadh. Baba alikataa ndege, kwa hiyo nikawaendesha, yeye mbele na madam nyuma, tukapita Taif na kuendelea jangwani. Hospitalini tulipelekwa kwa mtaalamu wa matamshi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimwonyesha baba kadi za picha. Ufunguo. Paka. Mwavuli. Baba alihangaika na ufunguo, akamruka paka, na alipofika kwenye mwavuli akasema "mafi", yaani hakuna, na kusukuma kadi zote kando.

Yule mwanamke hakukasirika. Alimgeukia madam. "Nyumbani huwa anazungumza wakati gani?"

"Akicheza mchezo wake na dereva," akasema madam. "Mimi huwasikia nikiwa jikoni." Akanigeukia. "Kompyuta iko garini?"

Ilikuwepo. Nilikimbia kuileta. Mtaalamu akaonyesha mchezaji mmoja kwenye skrini, akauliza huyu ni nani.

"Mlinzi wa kushoto," akasema baba. "Mzee. Kasi... imeshuka. Akili imepanda. Simwuzi."

Madam alijifuta macho kwa ncha ya shela yake. Mtaalamu akazirudisha kadi kwenye droo, akatueleza kwamba maneno hayakufa, njia ya kuyafikia ndiyo iliyoziba, na kwamba tutapita palipo wazi. Akaagiza tucheze kila siku. Hivyo mchezo ukawa dawa, nami nikawa na kiti changu kwenye lile kochi.

Mambo hayakwenda haraka. Zipo siku alizorudi kwenye "halas". Lakini kufikia likizo yangu alikuwa akinibishia kwa sentensi nzima, na mwanawe mkubwa alikuwa ameanza kukaa nasi, akiuliza maswali yale yale ya kijinga niliyouliza mimi.

Nilikaa nyumbani Bungoma miezi miwili. Niliporudi nilitarajia kupanda teksi kutoka uwanja wa ndege wa Jidda. Nilipotoka na mabegi yangu nikaliona gari nililolizoea. Mwanawe ndiye alikuwa kwenye usukani. Baba alishuka mwenyewe kwa fimbo, akanishika bega.

"Karibu," akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo, baba. Anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Keti nyuma, leo unaendeshwa."

Nikaketi nyuma. Tulipoingia barabara kuu akaanza kunieleza, bila haraka, jinsi alivyomsajili mdakaji mmoja ambaye maskauti wote walimdharau, na kwa nini mimi ningefanya kosa la kumwacha. Sikumkatiza hata mara moja.